Mtoto anaishia katikati ya bwawa: kutafuta kasoro na kuirekebisha katika kuogelea masafa marefu

"Mwalimu, mwanangu anakula vizuri, anacheza mpira jioni nzima, mbona majini anaishiwa nguvu?" Swali hili nimeulizwa hapa Dodoma na mama wa Nkuhungu, baba wa Kisasa, na bibi mmoja aliyemleta mjukuu kutoka Kongwa wakati wa likizo. Hadithi huwa ni ile ile. Mtoto anaondoka ukutani kama mshale, mikono inapiga maji kwa kelele, halafu kwenye mita ya kumi na tano anasimama, ameshika kamba, anahema.

Jibu langu karibu kila mara ni hili: nguvu anazo, ila pumzi hajajua kuitoa. Ndiyo maana utaona kila dalili hapa chini inarudi kwenye pumzi kwa namna fulani. Ukiwa na haraka, soma dalili ya kwanza tu, uifanyie kazi wiki mbili, kisha urudi kwenye zilizobaki.

Mwongozo huu ni wa mtoto wa miaka 7 hadi 13 hivi, ambaye tayari anaelea kifudifudi na chali, anaweka uso majini bila hofu, na anavuka kama mita kumi kwa mtindo huru, yaani ule wa kupishanisha mikono huku miguu ikipiga. Ambaye hajafika hapo aanze na kuelea. Sababu nimezipanga kuanzia ninayoikuta mara nyingi hadi iliyo adimu, kwa hiyo anza juu ushuke. Rekebisha kitu kimoja kwa siku. Ukimwambia mtoto "kichwa chini, miguu juu, toa pumzi, nyoosha mkono" kwa mkupuo, hatafanya hata kimoja.

Kabla hujaingia majini

Awepo mtu mzima anayejua kuogelea, macho yake kwa watoto, simu imewekwa kando. Mtoto anayezama hapigi kelele wala hapungi mkono. Mdomo uko usawa wa maji na hana pumzi ya kuita. Sehemu ya mazoezi iwe na maji ya kifuani kwake, aweze kusimama akitaka. Ukiwa ukingoni uone sakafu ya bwawa na tundu la kutolea maji waziwazi. Usipoviona, siku hiyo haogelei mtu.

Pima pia bwawa lenyewe kwa futi ya fundi. Mabwawa ya hoteli mara nyingi hayafiki mita 25, na mengine yana umbo la harage. Nimeona mzazi akijivunia mtoto aliyeogelea "mita mia" ambazo tulipozipima zilikuwa sitini. Usipojua urefu wa bwawa hutajua kama mtoto anaendelea au amekwama.

Dalili: anahema na kusimama kabla ya kufika ukutani

*Sababu ya kwanza: anabana pumzi akiwa majini.* Mtoto akiambiwa aweke uso ndani ya maji hufunga mdomo na kuvimbisha mashavu, kama anavyofanya mama akimmwagia maji ya kopo kichwani. Kwa mkono mmoja au miwili (mkono hapa ni pigo moja la mkono majini) haina shida. Lakini akigeuza uso kuvuta hewa ana muda usiofika sekunde moja, na ndani ya muda huo inabidi atoe hewa ya zamani na kuvuta mpya. Hawezi. Anavuta nusu tu, juu ya kifua ambacho bado kimejaa. Baada ya mikono minane au kumi kabonidayoksaidi imerundikana mwilini, na hiyo ndiyo inayomfanya ahisi anakosa hewa, hata kama oksijeni bado ipo ya kutosha. Anasema amechoka, na yuko mkweli, maana ndivyo anavyojisikia.

Kukagua hakuhitaji kifaa. Tembea ukingoni sambamba naye uangalie mapovu. Anayetoa pumzi vizuri huacha mstari wa mapovu madogo tangu uso unapoingia majini mpaka unapogeuka. Anayebana huwa hana povu lolote, kisha linalipuka moja kubwa mdomo unapotoka nje, pamoja na sauti ya "puh!" Ukiisikia hiyo "puh" huna haja ya kutafuta zaidi.

Matibabu yanaanzia nyumbani, kwenye beseni. Weka beseni la plastiki barazani, maji ya vidole vinne au vitano, mtoto apige magoti. Aweke uso mpaka nyusi zilowe, avumishe "mmmm" ili hewa itoke puani. Akivumisha hawezi kubana pumzi, koo halikubali, na wewe unasikia sauti ikipita ndani ya maji kama nyuki aliyenaswa kwenye chupa. Sasa ageuze uso upande, sikio moja libaki limelowa na shavu liguse maji, avute hewa kwa mdomo, arudi ndani, "mmmm" tena. Mara ishirini bila kupumzika. Akifika ya kumi na mbili akaanza kuhema, ugonjwa umeupata hapo hapo barazani bila kulipa kiingilio cha bwawa. Rudieni kila jioni mpaka ishirini ziwe nyepesi, kisha arobaini. Mkimaliza, maji yaondoke mara moja, mwagieni mti. Kwa mji wetu ni hasara kuyamwaga bure, na beseni lililoachwa na maji linaweza kumuua mtoto anayetambaa.

Bwawani, zoezi linalofuata ni kuzama kwa kutoa pumzi. Mtoto ashike ukingo, atumbukize kichwa, atoe hewa yote taratibu na kujiachia. Aliyetoa kweli atashuka. Aliyebaki na hewa kifuani ataelea kama dumu tupu, na hapo mwenyewe ataelewa unachosema. Baada ya hapo aogelee mita kumi tu kwa wimbo huu wa moyoni: "mmm, mmm, vuta, mmm, mmm, vuta."

Onyo moja zito: msishindanishe watoto kukaa chini ya maji, wala wasiheme haraka haraka ili "kujaza hewa" kabla ya kuzama. Kuhema namna hiyo kunapunguza kabonidayoksaidi, ambayo ndiyo kengele ya mwili. Mtoto anaweza kuzimia chini ya maji bila kuhisi dalili yoyote. Ukiwakuta wanacheza hivyo, watoe majini wote.

*Sababu ya pili: anaondoka mbio.* Hesabu mikono yake katika mita tano za kwanza, kisha tano za mwisho kabla hajasimama. Mwanzo ukiwa wa kasi mara mbili ya mwisho, umelipata tatizo. Mwambie aondoke ukutani amenyooka, ateleze mpaka ahisi anapunguza mwendo, ndipo aanze mkono wa kwanza. Hilo peke yake limewavusha watoto wengi kuliko hotuba zangu.

*Sababu ya tatu: anavuta pumzi mara chache mno.* Wapo wanaofundisha mtoto avute hewa kila baada ya mikono mitano ili aonekane ameiva. Kwa masafa marefu sikubaliani nao kabisa. Aanze kila baada ya mikono miwili upande anaoupenda. Akizoea, kila baada ya mitatu, ili pande zote mbili zifanye kazi.

*Sababu ya nne: tumbo.* Ugali na mlenda wa saa saba mchana na bwawa la saa nane havikai pamoja. Acha saa moja na nusu hivi ipite. Mwingine ana shida iliyo kinyume: hajala tangu uji wa asubuhi. Ndizi moja na maji ya kunywa nusu saa kabla vinatosha.

*Sababu ya tano, iliyo adimu lakini usiipuuze: ugonjwa.* Pumu, upungufu wa damu, tatizo la moyo. Mtoto mwenye selimundu anahitaji ushauri wa daktari wake kabla ya mazoezi haya, kwa sababu maji ya baridi, uchovu mkubwa na kukaukiwa maji mwilini vinaweza kumletea maumivu makali. Mwenye kifafa vilevile asiingie bila daktari kuridhia, na akiingia awe na mtu wake peke yake majini.

Acha mara moja na mpeleke hospitali kama kifua kinatoa mluzi, anasema kifua kinauma, amezimia au karibu azimie, au midomo na fizi zimekuwa za kijivu au bluu na hazirudi akipumzika.

Mzazi mmoja mgeni kutoka Dar es Salaam aliniambia ni hewa nyepesi ya Dodoma. Ni kweli tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, lakini kimo hicho hakimsimamishi mtoto mzima wa afya kwenye mita ya kumi na tano. Nilimwonyesha mapovu.

Dalili: miguu inazama, anaogelea kama anapanda ngazi

*Kichwa kiko juu.* Anaangalia anakoenda, kama ambavyo sote tunafanya tukitembea. Majini mwili ni kama mbao ya bembea: kichwa kikipanda, nyonga inashuka. Kagua kwa kuangalia kisogo chake; kikiwa kikavu, kichwa kimeinuka. Mwambie aangalie sakafu moja kwa moja chini yake, mstari wa vigae ukiwepo aufuate huo. Kwa watoto wadogo huwa nasema, "maji yakufunike kisogo kama kofia."

*Anapiga miguu kwa magoti.* Utaona magoti yanakunjika na nyayo zinatoka nje ya maji, povu jingi, mwendo hakuna. Kukagua: mpe kibao cha kuelea, apige miguu mita kumi. Asiposogea, au akirudi nyuma (hutokea kweli), ni magoti na vifundo vya miguu vilivyokakamaa. Mguu uanzie nyongani, goti lilegee bila kukunjwa makusudi, kidole gumba kielekee nyuma. Akae ukingoni miguu majini achemshe maji bila kurusha matone. Kisha ashike ukingo akiwa amelala kifudifudi afanye vile vile. Kwa masafa marefu hatuhitaji mateke mengi. Miguu ina misuli mikubwa inayokula hewa nyingi kuliko mikono. Kazi yake hapa ni kuuweka mwili mlalo, mwendo unatoka mikononi.

*Nguo.* Hapa kwetu hii hutokea sana na wageni hawaifikirii. Fulana ya pamba na bukta pana zikilowa zinakuwa mzigo, zinavuta nyonga chini na kujaza maji kifuani. Kwa familia zinazozingatia stara, nguo ya kuogelea ya mikono na miguu mirefu iliyobana, ya kitambaa kisichonywa maji, inafaa kabisa na pia inakinga jua. Mtoto mwenye ualbino aivae kila mara, na zoezi lifanyike kivulini au jua linapokuwa limepungua.

*Umbo.* Mvulana mwembamba, mifupa na misuli mitupu, miguu yake itazama hata akifanya yote sawasawa. Mpe boya dogo la kubana mapajani kwa dakika chache ajifunze mikono na pumzi, kisha mwondolee. Asilizoee, maana siku likikosekana atarudi alikotoka.

Dalili: anameza maji kila akivuta pumzi

Karibu wote wanainua kichwa kwenda mbele badala ya kukigeuza pembeni. Mwili mzima uzunguke kidogo kama mshikaki kwenye moto na uso ufuate. Jicho moja la miwani libaki majini, jingine litoke. Zoezi lake ni kulala kiubavu: mkono wa chini umenyooka mbele, wa juu umekaa pajani, miguu inapiga, sikio limelala juu ya bega. Anaangalia chini akivumisha "mmmm", anageuza uso kuvuta, anarudi. Mita kumi upande huu, mita kumi upande ule. Zoezi hili linachosha watoto kwa sababu halina mbwembwe, lakini ndilo linalotengeneza waogeleaji. Mimi hulifanya kila kipindi, hata na wale wanaovuka mita 200.

Sababu nyingine ni kuchelewa. Uso uanze kugeuka mkono wa upande huo unapoanza kuvuta maji, na urudi ndani mkono unapopita juu. Anayengoja mpaka mkono uko hewani anavuta maji badala ya hewa. Kagua pia mkono wa mbele: kama unashuka wakati wa kuvuta pumzi, hana pa kujiegemeza, anadidimia. Mwambie, "acha mkono mbele, usiondoke mpaka mwenzake afike." Mara nyingine kosa ni la mazingira tu: njia ya pembeni imejaa vijana wanaorukaruka, mawimbi yanaingia mdomoni. Mhamishe.

Simama hapa. Mtoto aliyepaliwa akakohoa mara mbili tatu akaendelea na mazungumzo yuko salama. Lakini aliyezama au kuvuta maji mengi, kisha ndani ya saa chache zinazofuata anakohoa bila kukoma, anapumua haraka, anatapika, au amelegea na kusinzia kusiko kwa kawaida, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Usimlaze ukisema asubuhi atakuwa sawa.

Dalili: anakwenda upogo, anagonga kamba

Mkono mmoja unavuka mstari wa kati, unaingia mbele ya kichwa upande wa pili. Kagua ukiwa umesimama mwisho wa bwawa, ukimtazama anakuja. Mwambie mikono iingie mbele ya mabega, kama reli mbili, zisikutane. Kama hilo liko sawa, basi anavuta pumzi upande mmoja tu na upande huo una nguvu zaidi. Mpeleke kwenye pumzi ya kila mikono mitatu. Mara chache ni miwani inayovuja na mtoto amefumba macho. Kazeni kwanza mikanda ya miwani kabla ya kulaumu mikono.

Dalili: mita 25 ni nyepesi, 50 hazimaliziki

Hii ndiyo inayowavunja moyo wazazi, na ndiyo ninayoipenda zaidi, kwa sababu mtoto tayari anajua kuogelea. Anachokosa ni kujua kujigawa.

Huku kati tunajua mbio ndefu. Alphonce Simbu, mtoto wa Singida, alitwaa dhahabu ya marathoni ya dunia jijini Tokyo mwaka 2025 kwa tofauti ya sekunde 0.03, baada ya kilomita 42. Waulize watoto: angeondoka mita mia za kwanza kwa mbio zake zote, angefika? Wote wanacheka, wanasema hapana. Basi waambie mita ya kwanza ya bwawa iogelewe kwa mwendo ule ule wa mita ya mwisho. Wanaelewa haraka kuliko nikiwaeleza habari za misuli.

Kwanza kagua mgawanyo. Hesabu mikono kwa kila urefu wa bwawa. Mtoto akitumia mikono 24 urefu wa kwanza na 33 wa pili, umbo linavunjika: anavuta kifupi, kiwiko kinashuka, kiganja kinateleza. Lengo ni tofauti isiyozidi miwili au mitatu. Hesabu hii mpe mwenyewe aifanye, ni mchezo anaoupenda, na akili ikihesabu hofu inapungua.

Pili kagua kinachotokea ukutani. Wengi hubana pumzi wanapogeuka, wanaondoka bila hewa, na urefu wa pili unaanza na deni. Afundishwe kufika, kushika kwa mkono mmoja, kuvuta pumzi moja nzima huku akigeuka, kusukuma kwa miguu miwili, kuteleza akiwa amenyooka na kuanza "mmmm" mara uso unapoingia. Kugeuka kwa pindu la kimashindano kusubiri.

Tatu ni mapumziko yaliyopangwa. Umbali haujengwi kwa kumlazimisha mtoto avuke mpaka afe. Naanza na mita 25 mara nane, kila moja ikifuatwa na pumzi kumi nzito akiwa ameshika ukuta. Umbo likibaki zuri mpaka ya nane, kipindi kijacho pumzi nane, kisha sita, kisha nne. Akifikia pumzi nne bila kuharibika, tunaunganisha mbili kuwa 50, mara nne, na pumzi zinarudi kumi. Kisha ngazi ile ile tena, mpaka 100. Badilisha kitu kimoja tu, umbali au mapumziko, kamwe si vyote pamoja. Kwa mtoto anayekuja mara mbili kwa wiki, kutoka 25 hadi 100 huchukua miezi miwili au mitatu, na anayechukua mitano hana kasoro yoyote. Aliyeharibika umbo kwenye ya tano, simamia hapo kwa siku hiyo. Mikono mibovu ikirudiwa mara mia inakuwa mazoea.

Kwenye bwawa la mita 15, mita 100 ni karibu mara saba, na kila kugeuka kunampa msukumo wa bure. Kwa hiyo akienda kwenye bwawa la mita 25 usishangae akichoka mapema. Hajarudi nyuma, ila ukuta umekuwa mbali.

Kama yote haya yako sawa na bado hasogei kwa miezi, au amesogea kisha ameanza kushuka huku akipungua uzito au kuchoka hata shuleni, hilo ni la daktari.

Dalili: anatetemeka, anapoteza mikono

Juni hadi Agosti upepo wa Dodoma unakausha ngozi mtoto akiwa bado hajafuta maji. Bwawa la wazi lisilopashwa moto linakuwa la baridi, na mtoto mwembamba anapoa haraka kuliko mtu mzima. Ingieni alasiri, saa nane hadi saa kumi, maji yakishapata jua. Fupisha kipindi kiwe nusu saa, kusiwe na kusimama na kusikiliza maelezo. Maelezo yote myamalize nje. Taulo na sweta ziwe ukingoni, na chai ya moto kwenye chupa.

Kutetemeka kidogo ni onyo. Mtoe mara moja meno yakigongana, midomo ikibadilika rangi (kwa ngozi yetu angalia ndani ya mdomo na kucha), au akianza kuongea kwa kuvuta maneno. Mkaushe, mvalishe, mfunike na kichwa. Akiacha kutetemeka huku bado ni wa baridi na amezubaa, hiyo ni dharura, kimbizeni hospitali.

Dalili: maumivu

Bega likiuma, punguza umbali na uangalie kama mkono unaingia na kidole gumba kwanza au unavuka kati. Likiendelea kuuma kwa wiki, daktari. Mkakamao wa misuli ya nyuma ya mguu, chini ya goti: ageuke chali aelee, avute vidole vya mguu kumwelekea. Macho mekundu na harufu kali ya klorini inayochoma pua ni dalili ya maji yaliyochafuka na jasho na mkojo, wala si ushahidi wa usafi. Mwambie mhudumu, na watoto waoge kabla ya kuingia. Sikio linalouma ukilivuta, au linalotoa usaha, lisiingie majini mpaka lipimwe. Usitie mafuta wala kijiti cha pamba.

Dalili: alikuwa anaogelea, sasa anagoma

Uliza kabla ya kurekebisha, na muulize mkiwa mbali na bwawa. Nilikuwa na binti wa miaka tisa aliyevuka mita 75, ghafla akawa anaumwa tumbo kila Jumamosi. Nikadhani ni uvivu, nikamsukuma, na najuta. Baada ya wiki tatu alimwambia mama yake kwamba alikuwa amesukwa upya, kofia haikutosha juu ya rasta, ilimteleza ikamfunika macho na mdomo katikati ya bwawa. Hakumwambia mtu. Tulitafuta kofia kubwa ya nywele nyingi, tukaanza tena kwenye maji ya kiunoni, yeye ndiye akiamua afike wapi. Ilichukua mwezi mzima kurudi mita 75.

Sababu za kawaida ni kupaliwa bila mtu kuona, kuchekwa na wenzake, au kulinganishwa na ndugu yake. Adimu, lakini lazima uifikirie: kuna mtu anayemtisha au kumgusa vibaya. Mwili wake ukikaza ukimtaja mtu fulani, msikilize, usimrudishe kwa mtu huyo, na toa taarifa ustawi wa jamii au dawati la jinsia la polisi.

Dalili: sasa anajiamini, anataka lambo

Hii haina zoezi. Mtoto anayevuka mita 100 bwawani hajawa tayari kwa lambo la mifugo, shimo lililochimbwa mchanga, wala korongo lililojaa mvua za Desemba hadi Aprili. Maji ni ya udongo, chini haionekani, kingo zinateleza na kubomoka, hakuna ukuta wa kushika kila baada ya mita kumi na tano. Bwawa la Mtera lina viboko na mamba. Maji yaliyotulia yenye konokono yanaweza kuwa na kichocho. Mwambie hivyo waziwazi, na umwambie pia kwamba radi ikinguruma hata bwawa la hoteli tunatoka wote.

Mfundishe yeye na wenzake la kufanya mwenzao akizama: wasiruke. Wapige kelele kuita mtu mzima, watupe dumu tupu la lita ishirini lililofungwa mfuniko, likiwa na kamba ikiwezekana, au wamnyooshee fito wakiwa wamelala chini ukingoni. Zimamoto na Uokoaji ni 114. Aliyetolewa majini asining'inizwe miguu juu wala kukandwa tumbo. Kama hapumui, aliyefundishwa huduma ya kwanza aanze kumpulizia pumzi na kumkandamiza kifua papo hapo, na mwingine apige simu.